Filida Hana Uzito

Filida alikuwa anatandaza shuka za Madam Ribaut juu ya ukuta wa mawe nyuma ya nyumba. Ilikuwa asubuhi, mvua ilinyesha juzi, birika la maji limejaa, kwa hiyo Madam aliruhusu zifuliwe shuka zote, hata zile za wageni ambao huwa hawaji. Askari wa Kiswidi akaingia uani. Amevaa koti la sufu lililoshonwa kwa ajili ya nchi nyingine, jasho linamchuruzika mpaka kwenye vifungo. Akasema Mfalme kamnunua Filida kutoka kwa Madam tangu jana, na kwa kuwa Mfalme hana kazi naye, basi yuko huru. Halafu akaomba maji.

Filida akamchotea. Askari akanywa, akarudisha kata, na pale pale visigino vya Filida vikaachana na ardhi. Vidole navyo vikafuata. Akabaki amesimama hewani, chini yake anapita kuku.

"Hata kule mtaa wa juu imekuwa hivyo hivyo," askari akasema, akaenda zake kumtafuta mwingine.

Filida akamalizia shuka. Ukiwa juu kidogo shuka inanyooka vizuri, pembe hazijikunji. Tatizo lilikuja baadaye, alipotaka kuingia ndani akakuta anazidi kupanda, ikabidi ashike ukingo wa paa. Akakaa hapo ameng'ang'ania vigae vya mbao, upepo wa mashariki unampepea gauni.

Mume wake Titus alirudi adhuhuri kula. Titus alikuwa mkalafati kule bandarini, mahali meli zinapolazwa ubavu zikwanguliwe magugu na konokono, zizibwe nyufa, zipakwe lami. Naye alikuwa wa Madam Ribaut. Akasimama uani akatazama juu.

"Umepanda huko kufanya nini?"

"Nimeachwa huru."

"Lini?"

"Asubuhi hii."

"Na mimi?"

"Wewe bado."

Titus akafikiria kidogo. "Haya, shuka tule."

"Ndiyo hivyo, siwezi."

Basi Titus akaenda bandarini akarudi na kamba ya katani. Akamrushia ncha moja, mkewe akajifunga kiunoni, ncha nyingine Titus akajifunga yeye. Wakala hivyo hivyo, bamia na samaki wa chumvi, mmoja kakaa kwenye gogo, mwingine yuko juu yake kama tiara, sahani inapanda na kushuka kwenye ncha ya ufito. Filida akasema bamia imezidi chumvi. Titus akasema chumvi ni ileile, ila huko juu ulimi nao umekuwa huru.

Wiki ile mji wetu wa Gustavia ulikuwa kama mtu kafungulia mto wa manyoya. Kila ukigeuka unaona miguu. Mtu anatoka sokoni na kapu la viazi, askari anamwita jina, viazi vinabaki chini yeye anaondoka. Watoto walipenda sana. Walikuwa wanarushana kutoka baraza moja hadi nyingine, mama zao wanawafokea kutoka usawa wa madirisha ya ghorofani. Waswidi wenyewe mjini walikuwa wachache, unaweza kuwakalisha wote kwenye baraza moja na bado ukapata pa kunyoosha miguu. Kisiwa chao, bendera yao, mitaa ina majina ya wafalme wao, lakini sokoni hakuna aliyejua Kiswidi hata cha kuombea chumvi. Walitazama watu wakipaa, wakaandika kwao Stockholm kwamba zoezi linakwenda vizuri.

Kitu kibaya kilikuwa upepo. Huku kwetu upepo unatoka mashariki mwaka mzima, hauna habari na mtu. Ukiachia tu, unakusukuma juu ya bandari, juu ya bahari, mpaka kwa Waholanzi kule kisiwa cha Statia. Na kule Statia sheria ilikuwa bado ya zamani. Mtu mweusi akiangukia juu ya paa la mtu, mwenye paa anateremka na ngazi, anamshukuru Mungu, anampa jembe. Skipio mtengeneza mapipa alipaa siku ya kwanza bila kamba, akapunga mkono, watu wakapunga. Baadaye nahodha mmoja akaleta habari kwamba Skipio yuko Statia anavuna miwa ya mtu, na uzito wake umerudi wote.

Kwa hiyo kila mtu akatafuta cha kumshikilia chini. Wengi walikimbilia mawe ya farumi, yale ambayo meli tupu zinayamwaga gatini zikija kupakia. Wakajaza mifuko, wakajaza mikoba. Mawe yakapaa nao kama makapi. Wakajaribu nanga, wakajaribu mzinga mmoja wa ngomeni wenye kutu. Mzinga ukaanza kuelea, askari wakaurudisha kwa ndoano. Ndipo watu wakaelewa. Kitu cha mtu mwingine hakina uzito kwako. Kinachokushusha ni kile kilicho chako. Na kisiwa chote, kila jiwe, kila mti, kila nguzo, ilikuwa na mwenyewe.

Bibi Jakoba ndiye aliyekuwa na nafuu. Alikuwa na sufuria ya chuma aliyoipata kwa maandazi yake mwenyewe, miaka mingi, akiuza Jumapili baada ya ibada. Akaingia ndani ya sufuria akakaa, ikatulia barabarani kama nyumba. Akauzia humo humo. Mwingine alikuwa na kuku. Kuku anakushusha kiasi cha kuku, lakini si haba, unapata kugusa barabara kwa ncha ya kidole gumba. Wenye ndugu waliokuwa huru tangu zamani, wenye nyumba zao, walifungwa kwenye nguzo za ndugu. Waliobaki waliomba nguzo kwa waliokuwa mabwana zao. Bwana akisema "nimekubali," fundo linashika. Asiposema, fundo linateleza hata ungelifunga na shetani. Na hakuna aliyesema bure.

Filida hakuwa na sufuria wala ndugu. Alikuwa na kilemba na Titus.

Sasa mtu anaweza kuuliza, Titus si alikuwa mali ya Madam Ribaut? Kwa kanuni ile asingeweza kumshikilia. Bibi Jakoba aliulizwa swali hilo kwenye sufuria yake akajibu kwamba mawe hayajaoa.

Madam Ribaut hakuridhika na jibu hilo. Akaenda kwa hakimu, Bwana Ahlstedt, Mswidi mrefu mwenye pua inayobanduka ngozi kila Jumanne, akalalamika kwamba mali yake inatumiwa kama nanga bila ruhusa. Hakimu akafungua sheria za Kiswidi. Zilikuwa na mengi kuhusu barafu na dubu, hazikuwa na kitu kuhusu mke. Akaamua kwamba Titus anaweza kufungwa kwa mkewe, ila kila asubuhi Madam aombwe.

Madam alikuwa mjane wa Kifaransa, mwembamba zamani. Alipolipwa kwa ajili ya Filida na mpishi na wale wa shambani, alianza kuwa mzito. Kwa macho alikuwa yuleyule, gauni lilelile jeusi, lakini viti vilimlalamikia. Benchi la kanisani lilivunjika, wakaweka lingine, nalo likavunjika. Akipita barabarani vikombe vya watu vinagongana kabatini. Watumishi wakaweka mbao mbili chini ya kitanda chake, na yeye hakuuliza ni za nini. Mabwana wengine pia walikuwa hivyo hivyo, kila mmoja kwa kadiri yake. Mjini ukasikia sakafu zinalia mchana kutwa, na juu watu wanacheka.

Asubuhi ya kwanza Titus akaenda kuomba ruhusa. Madam akakataa. Asubuhi ya pili akakataa tena, lakini kamba Titus alikuwa hajafungua, akaenda nayo kazini. Siku hiyo kulikuwa na meli ya Wamarekani imelazwa ubavu, kubwa, tumbo lake limejaa konokono. Wenzake Titus walikuwa wanahangaika kufunga majukwaa ya kusimamia. Filida akaona wanachelewa, akapanda kidogo, kamba ikakaza, Titus akanyanyuka.

"Kulia," Titus akamwambia. "Juu. Hapo. Usipumue sana."

Akakwangua upande mzima wa meli kabla ya chakula cha mchana, anaruka kama mjusi ukutani, mkewe juu anamwongoza kwa kushika kamba za mlingoti. Wenzake wakamtania kwamba kumbe mwanamke akiwa juu ndiyo kazi inakwenda. Titus akawajibu kwamba kwake imekuwa hivyo tangu siku ya ndoa, wao tu walikuwa hawajaona.

Nahodha akamsifu mbele ya Madam. Nahodha wa meli iliyofuata akamtaka Titus tu. Madam akaanza kutoa ruhusa kila asubuhi kabla hata ya kuombwa, anatuma mtu na kahawa. Titus na Filida wakadhani wamepona.

Halafu wapimaji wa serikali wakaja kumpima Titus, bei ikubaliwe, Mfalme amnunue, na Mfalme asiwe na kazi naye. Madam akakataa bei. Akasema huyu si mkalafati wa kawaida, huyu ana mke wa kurukia. Wakamwambia mke alishalipwa. Akasema anajua, lakini wakati ule mke alikuwa haruki. Wapimaji wakatazamana, jua kali, wakasema basi suala hilo liende Stockholm. Na Stockholm hujibu meli ikipenda.

Hapo ndipo Filida akaogopa. Uhuru ulikuwa unamkolea. Kila siku alikuwa mwepesi kuliko jana, na Titus alikuwa ameanza kutembea kwa ncha za vidole. Usiku Titus akilala anajibana chini ya gogo. Kiuno chake kilikuwa na alama ya kamba, nyekundu kama mkanda wa afisa. Na miezi ya tufani ilikuwa inakuja. Upepo ule ukija, utawachukua wote wawili, wataangukia Statia, na huko mtu mwenye bwana wake anarudishwa kwa bwana wake, na mtu asiye na bwana anapatiwa bwana. Mmoja angerudi Gustavia, mmoja angebaki Statia. Hilo kila mtu alilijua, hata Madam.

"Nikate," Filida akamwambia jioni moja. "Nishuke kwa Waholanzi peke yangu, wewe usubiri barua yako."

"Acha ujinga."

"Basi niambie la maana."

Titus akavuta kamba. Akakaza fundo.

La maana alilipata Filida mwenyewe, akiwa juu, maana huko juu unaona mambo mengi. Mpimaji akimpima mtu anampima akiwa amesimama chini. Anamtazama meno, anamshika mkono, anamwambia atembee. Mtu asiyeweza kusimama chini ni kilema, na kilema bei yake haina ubishi. Basi akazunguka hewani mpaka kamba ilipofika, akaongea na kila aliyekuwa kwenye nguzo. Aliwaomba siku ya wapimaji wajifungue, waje wamshikilie yeye, wavute pamoja, Titus asikanyage chini mbele ya wapimaji hata kidogo. Wakamuuliza, tukijifungua tutashikwa na nini? Akasema na Titus. Wakamuuliza, na Titus akinyanyuka? Akasema hapo ndipo tunapopataka.

Wakacheka sana. Tangu waachwe huru ilikuwa mara ya kwanza mtu kuwaomba kitu badala ya kuwaamuru. Wakakubali wote, hata yule wa kuku.

Titus akaomba apimwe tena. Madam hakukataa. Alidhani safari hii watamwona akiwa kazini, bei ipande. Akavaa kofia ya sherehe akaja gatini, mbao za gati zinaugulia chini ya viatu vyake. Wapimaji wakaja watatu, wamekunja nyuso, na hakimu Ahlstedt pamoja nao na mwavuli. Titus akasimama ukingoni, nyuma yake maji ya bandari, juu yake Filida.

Mpimaji wa kwanza akamwambia afungue mdomo. Titus akafungua. Na hapo mji ukaanza kuachana na nguzo zake. Wakaja wanaelea juu ya mapaa, mmoja mmoja, wameshikana viuno. Wa kwanza akamshika Filida miguu, wa pili akamshika wa kwanza, wakapanda juu kama moshi wa jiko moja. Bibi Jakoba peke yake alibaki, akasema sufuria haiachi barabarani, wezi wengi. Yule wa kuku alikuja na kuku.

Titus akaondoka chini, mdomo bado wazi.

"Mwambie asimame sawasawa," mpimaji akamwambia Madam.

"Titus, simama sawasawa," Madam akasema.

"Ningependa, Madam," Titus akajibu kutoka juu, "lakini ndiyo mwisho wangu."

Mpimaji wa pili akasema mtu huyu hawezi kukanyaga, apunguzwe. Mpimaji wa tatu akasema apunguzwe nusu. Madam akaona mali yake inapungua mbele ya macho yake, akaruka, akamshika Titus kifundo cha mguu kwa mikono miwili. Alikuwa mzito kweli. Titus akasimama angani, kichwa kinakwenda juu, mguu unabaki chini, katikati ameviringika kama kamba ya nguo. Nyuma yake mlolongo mzima wa watu unapepea juu ya bandari, unacheka, mtu mmoja kaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa mdundo ambao si wa kanisani, kuku anapiga kelele.

"Madam, niachie, unaniumiza."

"Nikuachie uende wapi?"

Ilikuwa swali zuri. Kabla Titus hajalijibu, gati likajibu. Mbao zilipasuka chini ya Madam, akazama mpaka kiunoni, kofia ikakaa sawa. Mtu akizama anashika kilicho karibu. Alishika ubao. Na akishika ubao, mguu ameuachia.

Hakimu Ahlstedt akafunga mwavuli. Hapa palikuwa na sheria, na aliijua kwa moyo, kwa sababu ndiyo sheria pekee ya Gustavia iliyokuwa na kazi kila wiki. Kila kinachoelea bandarini bila nanga, bila kufungwa gatini wala melini, ni cha Mfalme. Pipa, boya, mlingoti uliovunjika. Sheria haikusema kiwe juu ya maji kiasi gani. Akatazama, akaona Titus yuko bandarini, anaelea, hana nanga. Akatangaza kwamba mtu huyo ni wa Mfalme. Kisha, kwa kuwa Mfalme hana kazi naye, akatangaza kwamba yuko huru. Na kwa kuwa yeye ni mtu mwenye adabu na yule ni mama wa watu aliyekwama kwenye gati, akatangaza pia kwamba Madam atalipwa bei yote.

Madam akazama kidogo tena, mpaka mbavuni.

Titus alihisi uhuru unaanzia magotini. Halafu wote wakaruka juu kwa mkupuo mmoja, kama kizibo cha chupa, wakipiga vigelegele, na Filida akamkamata mumewe usoni akambusu kichwa chini miguu juu. Kwa muda mfupi hakuna aliyekumbuka kitu. Meli zilikuwa chini kama viatu vilivyovuliwa mlangoni. Mtu mmoja akasema anaiona nyumba aliyozaliwa, mwingine akasema anaona mgongo wa papa, mwingine akasema anaiona Statia.

Hapo wote wakatazama chini.

Hakukuwa na aliye chini. Wote walikuwa wamejifungua nguzo, Titus ndiye aliyekuwa nanga, na Titus hakuwa tena na uzito hata wa kivuli. Upepo wa mashariki ukawa unawasukuma bila haraka. Titus akaachilia ile kamba yao ikaning'inia, akaizungusha kuelekea kwenye mlingoti wa meli ya Wamarekani, ikashika, ikateleza, kwa sababu mlingoti ulikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa yuko baa anakunywa. Akajaribu nguzo ya gati, ikateleza, ni ya serikali. Hakimu alitaka kusaidia, lakini akasema hana mamlaka ya kukubali kwa niaba ya nguzo.

Kamba ikapita mbele ya Madam Ribaut. Alikuwa amekaa kwenye tundu lake, mzito kama kanisa, mzito kwa ajili yao wote, anajipepea. Kisiwani hakukuwa na kitu kizito kuliko yeye, wala kilichoshiba zaidi uzito uliokuwa wao. Filida akaona hilo kutoka juu. Akamwita.

"Madam, shika kamba."

Madam akaitazama ile ncha inavyocheza. Hakuwa na haraka, haendi popote.

"Jumatatu kuna meli ya Wadenmaki," akasema.

Titus akamtazama mkewe, mkewe akatazama Statia, jinsi inavyokua.

"Majukwaa hatuwezi kufunga tena," Madam akasema. "Bila nyinyi wawili haikwanguliwi."

"Shika kamba, Madam," Titus akasema. "Jumatatu tutakuja."

"Na hao wengine?"

Wengine nao wakasema watakuja, kila mmoja kwa aliyekuwa bwana wake, shambani, jikoni, kwenye mabwawa ya chumvi. Wakasema kwa sauti wote wasikike. Ndipo Madam akasema "nimekubali," akaifunga kamba kwenye mkono wake, na mlolongo wote ukasimama angani kwa mshtuko mdogo, kuku akataga.

Jioni ile Gustavia ilisherehekea. Waswidi walitundika taa barazani, gavana akasoma hotuba kwa Kiswidi, halafu mtu akaitafsiri kwa Kiingereza, halafu mwingine kwa Kifaransa, na kila ilipotafsiriwa ilizidi kuwa fupi. Ilisema kwamba Mfalme anafurahi, kwamba hakuna aliyeonewa, na kwamba waliopata hasara wamefidiwa. Watu wakapiga makofi kutoka juu. Kisha wakacheza. Walicheza ngoma zote za bibi zao, zile za kupiga mguu chini, wakagundua kwamba huko hakuna chini, mguu unapiga hewa, hakuna mlio. Basi wakapigana makofi mgongoni badala yake, wakageuka, wakapinduka, wanawake gauni zinafunika vichwa na hawajali, wazee wanaviringika kama mapipa. Titus alicheza mpaka akatapika, matapishi yakaangukia mwavuli wa hakimu, hakimu akasema si kitu. Bibi Jakoba alipelekewa glasi ya ramu kwenye sufuria yake akairudisha tupu. Hata Madam, kwenye tundu lake, aligonga ubao kwa vidole, na kila akigonga wote waliopo juu walishtuka kidogo.

Madam hawakuweza kumtoa. Walileta mafahali, mafahali wakachoka. Mwishowe wakamjengea kibanda pale pale gatini, chenye dirisha na meza ya kahawa, na manahodha wakaanza kufunga meli zao kwake, maana hapakuwa na nguzo imara zaidi bandarini. Akaona si vibaya.

Titus na Filida waliongeza urefu wa kamba, wakaenda kumuuliza hakimu kama kuna kipande cha ardhi, hata kibaya, hata cha mawe matupu na mbuzi. Hakimu aliwapokea vizuri, aliwafungulia dirisha wakae usawa wake. Akawaambia ardhi yote ina wenyewe, na kwamba fidia ilitolewa kwa waliopoteza mali, nao, akikumbuka vizuri, hawakupoteza kitu. Akawapa kila mmoja mkono. Mkono wake ulikuwa na uzito wa kawaida.

Jumatatu asubuhi Madam akavuta kamba mara mbili. Meli ya Wadenmaki ilikuwa imelazwa ubavu tangu alfajiri. Titus akaamka, akajinyoosha juu ya paa la hewa, akaanza kukagua kamba kiunoni.

"Titus," Filida akamwita. "Sasa tofauti iko wapi?"

Alifikiria kweli, hakumjibu ovyo. Chini yao wenzao walikuwa wanashuka kwenye kamba zao, mmoja mmoja, wanatukanana kwa furaha, nani amekoroma, nani amepeperushiwa suruali.

"Zamani sikuwa na kamba, na sikuweza kwenda," akasema. "Sasa ninayo, na fundo nafunga mwenyewe."

Filida akalitazama fundo. Akaligusa.

"Fundo zuri," akasema. "Lifunge basi, tunachelewa."

Akalifunga, wakashuka pamoja mkono kwa mkono, na Titus akaokota chuma cha kukwangulia, cha Madam, ambacho mkononi mwake hakikuwa na uzito wowote.